Sungura Katoka, Tiana Kaingia: Mchezo Mpya wa Maji Pale Magic Kingdom

Ninaendesha basi dogo linalochukua wageni uwanja wa ndege wa Orlando na kuwapeleka mahotelini, na tangu Juni 2024 swali ni lile lile. Mizigo haijaingia buti, mtu ashauliza: ule mlima wa maji walioubadilisha, wameuharibu ama wameutengeneza? Wazee wa Ohio na Michigan huuliza kwa uchungu. Wazazi weusi wa kutoka Atlanta na Chicago huuliza kwa sauti ya chini kidogo, kisha wanageuka kuwatazama watoto wao kiti cha nyuma. Mimi huwajibu nusu nusu, maana safari ya kutoka uwanjani haitoshi. Hapa nitajibu kwa kirefu, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wenzetu tunaoishi Florida wageni wakitujia kutoka nyumbani hawaondoki bila kupelekwa Disney, na tiketi ya siku moja pale Magic Kingdom, bustani yao ya michezo, inapita dola 100. Kwa pesa hiyo mtu ana haki ya kujua anapanda nini.

Kwanza, tuelewane tunazungumzia nini. Ulikuwepo mchezo unaitwa Splash Mountain. Unapanda gogo linaloelea kwenye mfereji wa maji, linakupitisha nje na ndani ya mlima wa kutengenezwa, unaona masanamu ya wanyama yanaimba na kutikisa vichwa, halafu gogo linavutwa juu polepole hadi kileleni na kuachiliwa kwenye mteremko wa takriban mita 15. Unapiga ukelele, unapigwa picha mdomo wazi, unalowa, unacheka. Wa California ulifunguliwa 1989, huu wetu wa Florida 1992, na mwingine Tokyo mwaka huo huo wa 1992. Aliyeubuni ni fundi wao mkongwe Tony Baxter, na wanasema wazo lilimjia akiwa amekwama kwenye foleni ya magari akienda kazini. Hilo naliamini bila kuuliza. Barabara ya I-4 imenipa mimi pia mawazo mengi, ila hakuna aliyenilipa.

Wa hapa ulifungwa Januari 2023. Siku za mwisho watu walisimama saa kadhaa kuupanda mara ya mwisho, na wengine wakachota maji ya mfereji ule kwenye chupa wakayatia mnadani mtandaoni. Mlima haukubomolewa. Mfereji ni ule ule, mteremko ni ule ule, kilichobadilishwa ni kisa, masanamu, muziki na majani yaliyofunika mlima. Tarehe 28 Juni 2024 ukafunguliwa kwa jina jipya, Tiana's Bayou Adventure. California wakafuata Novemba mwaka huo.

Sababu ya kubadilisha haikuwa uchakavu. Kisa cha zamani kilitoka kwenye filamu ya Disney ya mwaka 1946, Song of the South, ambayo kampuni yenyewe haijawahi kuiuza kwa kanda wala diski hapa Marekani, na kwenye huduma yao ya intaneti huikuti. Ndani yake kuna mzee mweusi, Uncle Remus, anayewasimulia watoto wa Kizungu hadithi za sungura huku maisha ya shambani yakionyeshwa kama peponi, baada ya utumwa, kama vile hakuna aliyewahi kuchapwa. Chama cha NAACP, cha kutetea haki za watu weusi, kililalamika mwaka huo huo ilipotoka. James Baskett, mwigizaji wa huyo mzee, alipewa tuzo ya heshima ya Oscar mwaka 1948. Lakini filamu ilipozinduliwa Atlanta yeye hakuhudhuria, kwa kuwa mji ule ulikuwa na sheria za kutenga watu kwa rangi. Yaani filamu inamwonyesha ana furaha siku nzima, na mji unaoizindua unamtenga kwa rangi yake. Ukishalijua hilo, hata ule wimbo wao mashuhuri, Zip-a-Dee-Doo-Dah, unaimbika kwa tabu.

Kwa hiyo mimi si katika wanaolia. Walichokiondoa kilistahili kuondoka. Lakini nina jambo na walichokiondoa pamoja nacho.

Desemba 2022 mamangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kututembelea. Kufungwa kulikuwa kumeshatangazwa, nikaona nimpeleke. Mama ana miaka zaidi ya sabini na hakuna kitu duniani kinachomtisha isipokuwa ngazi za umeme. Alikaa kwenye gogo na buibui lake amelikusanya mapajani, mkoba ameukumbatia. Wanyama walipoanza, akawa anatazama tu kama mtu anayetazama harusi ya watu asiowajua. Mara akaona sungura amekamatwa na mbweha. Mara anaona tumbusi wawili wamekaa juu wanamcheka. Sungura anamwambia mbweha: nifanye utakavyo, lakini tafadhali usinitupe kwenye miiba. Nikamtafsiria. Mama akageuka akanishika mkono: "We! Huyu si sungura wetu?"

Ni wetu kweli. Nyumbani alitusimulia kobe aliyekamatwa akalia, nichomeni, nipondeni, ila jamani msinitupe mtoni, wapumbavu wakamtupa mtoni, naye akaibuka kule mbele anawacheka. Alitusimulia kisima kilichochimbwa na wanyama wote isipokuwa sungura, na sungura akawa anaiba maji usiku, mpaka kobe akapakwa ulimbo mgongoni akakaa pale kimya kwenye kisima, na sungura alipompiga teke mguu ukanasa. Huko Marekani ulimbo ukawa sanamu la lami. Mwandishi wa magazeti wa Georgia, Joel Chandler Harris, aliyezisikia hadithi hizo utotoni kutoka kwa watumwa wa shamba alikofanya kazi, ndiye aliyezitia kitabuni mwaka 1880 na kumbunia yule Uncle Remus wa kuzisimulia. Disney nao walipojenga mchezo wao wakaona lami itawaletea maneno, wakaweka mzinga wa nyuki na asali badala yake. Uncle Remus hawakumweka kabisa. Masanamu mengi ya California yenyewe yalikuwa yametolewa kwenye onyesho jingine lililofungwa 1988.

Jioni ile ndani ya gari nikamweleza mama kwa nini wanaufunga: filamu, yule mzee, Atlanta, yote. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Haya, na kosa la sungura ni nini?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Hadithi zile zilivuka bahari matumboni mwa merikebu pamoja na wenyewe, zikatumika mashambani kumfundisha mnyonge namna ya kumshinda mwenye nguvu kwa akili. Mtu mwingine akaja akazivika vazi la aibu. Vazi limevuliwa, vizuri, lakini na mtoto mwenyewe katupwa nje. Naambiwa haki za biashara, naambiwa jina limeshachafuka. Sawa. Ila naandika kama mteja, na mteja ana ruhusa ya kusema bidhaa ilipungua wapi.

Sasa huo mpya.

Tiana ni binti wa filamu ya mwaka 2009, The Princess and the Frog, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Ni mhudumu wa mkahawa New Orleans anayeota kufungua mkahawa wake mwenyewe. Nyuma yake yuko mtu wa kweli: Leah Chase, mpishi wa Dooky Chase's, mkahawa ambao enzi za kutengwa kwa rangi watu weusi na weupe wa harakati za haki walikutana ghorofani wakapanga mambo yao huku wakila. Alifariki 2019. Katika mchezo, mwaka ni 1927 na Tiana tayari ana biashara kubwa ya vyakula, Tiana's Foods, na wafanyakazi wake ndio wamiliki. Ndiyo, ushirika! Nilisimama mbele ya bango linaloeleza hivyo nikacheka peke yangu. Marehemu babangu alikuwa mwanachama wa ushirika wa nazi, na malipo yake ya mwisho nadhani bado yako njiani.

Hapa kwenye foleni ndipo mafundi walipofanya kazi ya kutukuka. Unaingia ndani ya ghala la ushirika, unapita ofisi, jiko, redio ya zamani inaongea. Kuna picha na vitu vya babake Tiana, aliyekwenda vitani. Juu ya paa kuna dira ya upepo iliyofuliwa na mhunzi wa kweli wa New Orleans, Darryl Reeves. Na kuna harufu. Wanaipuliza makusudi, harufu ya beignet, ambazo kwa ufupi ni mahamri yaliyopotea njia: unga ule ule wa kuumuka, pembe zile zile, ila hayana iliki wala tui, badala yake yamemwagiwa sukari ya unga kama dari limeanguka. Binti yangu alifumba macho akasema, "Baba, kwa nyanya." Nilimwacha abaki na wazo lake.

Foleni hiyo mwanzoni ilikuwa ya kuombwa kwenye simu kwa saa maalumu, na ukikosa umekosa. Utaratibu huo wameuondoa. Sasa unasimama kama watu wote, au unalipia Lightning Lane, foleni ya haraka, ambayo bei yake hupanda na kushuka kulingana na siku. Miezi ya kwanza vyombo vya habari viliandika sana jinsi mchezo ulivyokuwa ukisimama mara kwa mara kwa hitilafu, kwa hiyo tazama programu ya simu kabla ya kuvuka bustani nzima na watoto.

Ukiketi ndani ya gogo, watu wanane, wawili wawili, chuma kinashuka mapajani na safari ya dakika kumi hivi inaanza. Masanamu mapya ni ya ajabu, sitaficha. Yale ya zamani yalifungua mdomo na kufunga, basi. Tiana huyu anageuza kiwiko, anakunja vidole, macho yanakufuata. Tena hakuvaa gauni la kijani, amevaa suruali na buti za kutembelea kinamasi, kofia kichwani, mwanamke aliye kazini. Binti yangu ana miaka minane na ngozi yake ni ya yule sanamu hasa. Alinyanyua mkono akampungia. Aliyekuwa kiti cha nyuma yetu, mama wa Kimarekani mweusi wa makamo, alimpungia pia, na yeye hakuwa na mtoto wa kumsingizia. Hapo mchezo wa zamani haukuweza kufika hata ungeongezewa miaka mia.

Muziki nao wameupata. Kuna wanyama wapiga vyombo kila kona ya mto: fisi maji, rakuni, vyura, oposumu, kila kundi na ala zake, na huyo mdogo anaitwa Lari, armadilo, mnyama mdogo wa magamba magumu, ambaye hutamhurumia kwa kuwa amependwa mno na waliomtengeneza. Louis, yule mamba mpiga tarumbeta, anajitokeza kila mahali. Wimbo wa mwisho umeandikwa na PJ Morton, mzaliwa wa New Orleans. Utautoa kichwani siku ya tatu.

Lakini kisa ni kipi? Kisa ni hiki: Tiana anaandaa sherehe na amegundua hana bendi. Twende kinamasini tukatafute wapiga muziki.

Nimemaliza. Hicho ndicho kisa.

Nataka mnielewe. New Orleans, mwaka 1927, msimu wa Mardi Gras, ile sherehe yao kubwa ya mitaani, mtu anakosa bendi? Mji ambao hata maziko yana tarumbeta? Tena tunapoingia kinamasini wapiga muziki wamejaa kila kichaka, hata hatuwatafuti, wao ndio wanatuangukia. Hakuna anayetukataza, hakuna anayetuwinda, hakuna saa inayokimbia. Filamu yenyewe ina mganga mbaya mwenye vivuli vinavyotambaa ukutani, mtu wa kumtisha mtoto vizuri kabisa, na hapa hayumo. Hata mwaka waliouchagua ulikuwa na hatari yake ya kweli: miezi michache baada ya Mardi Gras ile, mto Mississippi ulifurika mafuriko makubwa, na wakubwa wa New Orleans wakalipua tuta kwa baruti huko Caernarvon ili maji yawamiminikie wenzao wa vijijini, mji upone. Abiria mmoja wa kutoka Louisiana ndiye aliyenieleza tukiwa tumekwama kwenye I-4, akaniambia kwao hilo halijasahaulika. Sisemi Disney wawafundishe watoto historia ya baruti. Nasema maji yenyewe, kwenye mchezo wa maji, yangeweza kuwa adui, na hayakupewa hata neno moja.

Bibi yeyote wa Pwani anajua hili. Ukisema "Paukwa!" mtoto akajibu "Pakawa!", una muda mfupi sana wa kumleta fisi. Fisi asipokuja, mtoto analala au anaondoka. Sungura bila fisi ni mnyama tu anayekula karoti.

Na hapa nafika kwenye linaloniudhi zaidi, nalo ni mteremko. Ule wa zamani ulikuwa na maana. Gogo likivutwa juu, ulishaona kivuli cha mbweha na sungura aliyefungwa kamba, tumbusi wanakwambia sasa ni zamu yako. Ulipoporomoka, ulikuwa wewe ndiye sungura uliyetupwa kwenye miiba, na chini kweli palikuwa na miiba mikubwa ya kutengenezwa inakungoja, ukapita katikati yake ukiwa hai. Hofu yako ndiyo ilikuwa ujanja wake. Mita zile 15 zilikuwa ndani ya hadithi, na ndiyo maana mamangu, asiyejua neno la kile kiimbo chao, alishuka akicheka kwa kuwa alishajua mwisho: miiba ndiyo kwao sungura.

Sasa je? Njiani yule ajuza mganga wa kwenye filamu, Mama Odie, anatupunguza kimo tuwe wadogo kama vyura, vimulimuli wanaonekana wakubwa, uyoga umetupita urefu. Sehemu hiyo ni nzuri kwa macho. Kisha ili turudi kimo chetu na tuwahi sherehe, anatusukuma chini ya mteremko. Ndiyo sababu. Tunaporomoka kwa sababu ya usafiri. Mwili unaogopa kama zamani, tumbo linapanda kooni kama zamani, lakini kichwa hakijui kinaogopa nini, na ukifika chini unalowa bila kushinda chochote. Binti yangu, ambaye ule wa zamani hakuwahi kuupanda kwa kuwa kimo chake hakikufika, aliniuliza tulipokuwa tunasubiri kushuka: "Kwani hatukuweza kushuka kwa ngazi?" Nilimtetea Mama Odie nilivyoweza.

Hata hivyo baada ya mteremko kuna chumba cha sherehe ambacho sijaona kingine cha kukishinda pale Magic Kingdom. Watu na wanyama wote wamekusanyika, Tiana sasa na gauni, taa, wimbo umefunguliwa kwa nguvu, na gogo lako lililolowa linapita katikati yao polepole kama mgeni rasmi aliyechelewa. Mwisho huo ni bora kuliko wa zamani. Ni kama mafundi waliambiwa tengenezeni mwanzo na mwisho, wakatengeneza kwa moyo wote, na wa kati akawa likizoni.

Abiria wa Ohio huwa nawaambia wapande wasilinganishe. Hawawezi, najua. Wa Atlanta nawaambia wampeleke mtoto asubuhi, kabla hajachoka, na wasikae kimya akipungia mkono. Sisi Waswahili tuna shida ya tatu ambayo hakuna mwingine anayo: ulipokuwa ule wa zamani tulikuwa tunapita ndani ya hadithi zetu wenyewe zilizovalishwa nguo za mtu mwingine, na kwenye huu mpya tunamwona mtu wa sura yetu ndani ya hadithi isiyokuwa na kitu. Ningependa siku moja nipande vyote viwili kwenye gogo moja. Tiana na ushirika wake, sungura na ulimbo wake. Si lazima Uncle Remus awepo, hatukuwahi kumhitaji.

Disney wenyewe wako mbioni na mengine. Julai 2025 walifunga ule mto mkubwa uliokuwa jirani, na kisiwa chake na meli yake ya magurudumu, wajenge mambo ya magari, yale ya filamu yao ya Cars. Kwa hiyo ukitaka kuona mlima huu na mandhari yake ya zamani umeshachelewa, eneo lile litakuwa na ujenzi kwa muda.

Ukiamua kwenda, mtoto lazima awe na sentimita 102. Wakimkataa aliye mfupi, waulizeni utaratibu wa Rider Switch: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Wafanyakazi huueleza vizuri ukiuliza. Kiti cha mbele ndicho cha kulowa, wenye buibui na kanzu wakae nyuma, na simu itiwe kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kukaa, kwa sababu chuma kikishashuka mapajani mfuko wa suruali haufikiki. Nendeni usiku kama mnaweza. Vimulimuli hunoga zaidi macho yakiwa yameshazoea giza, na foleni hupungua watu wanapokimbilia fataki.

Mama anakuja tena mwakani. Nimemwambia sungura hayupo. Ameuliza kama yule mpishi anauza chakula huko ndani, nikamwambia hapana, ni harufu tu. Amesema basi atabeba mahamri yake mwenyewe.